Pombe ya Siku ya Dale

Tulimzika shangazi yangu hapa Beni, mwezi wa mvua. Siku ya tatu ya matanga, wakati watu wamechoka kulia na wameanza kusifu chakula, nilimsikia mgeni mmoja kutoka Butembo akimwambia mwenzake kwamba marehemu ndiye yule mama wa mtaa wa Kimemi aliyepoteza nyumba yake kwa jerikani ya pombe. Alisema kwa sauti ya chini, lakini jikoni kwangu hakuna mlango, kuna pazia tu, na pazia halizuii umbea. Mwenzake akacheka, kisha akakumbuka alipo, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Nilikuwa nasonga bukari ya watu arobaini, na kwa muda mfupi nilitamani kutoka na mwiko wangu nikamjibu. Sikutoka. Hasira zangu bado ni za msichana, ila magoti yangu ni ya mwanamke mwenye wajukuu. Nikaendelea kusonga, na bukari ile ikawa laini kuliko zote nilizowahi kupika, maana niliipiga bila huruma. Yule mgeni hakusema uongo mtupu. Nyumba ilikwenda, na jerikani ilikuwepo. Alikosea mahali pamoja tu: hakujua ni nani aliyekunywa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa mwaka huo, nikikaa kwa shangazi ili nijifunze kushona. Ulikuwa mwaka wa vita. Waasi ndio waliokuwa serikali, na askari wa nchi jirani walipita na magari yao kwenye barabara kuu kana kwamba wameijenga wao. Lakini nikiulizwa kuhusu vita, kitu cha kwanza kinachonijia ni chumba. Nyumba ya shangazi ilikuwa ya matofali mabichi, yale ya kuanikwa juani, na kila tofali alilikanyagia udongo yeye mwenyewe pamoja na marehemu mume wake. Ilikuwa na sebule, chumba chake, na chumba cha tatu upande wa bondeni ambacho mchana kilikuwa karakana na jioni kikawa mahali pangu pa kulala. Hapo palikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia, pasi ya makaa, na harufu ya vitenge vipya ambayo mpaka leo inanifanya nijione kijana. Tulikula humo humo karakana, kwa sababu palikuwa na joto la pasi na Butembo ni mji wa baridi: bukari ya muhogo, sombe la majani ya muhogo, siku njema maharagwe yenye mafuta ya mawese kutoka Beni. Shangazi alikuwa mkali kuhusu mikono. Ulinawa kabla ya kula, ukanawa baada, kisha akakunusa vidole kabla hujagusa kitambaa cha mteja. Aliacha pombe siku alipomzika mume wake, na hakuna aliyemwona akiionja tena.

Kulikuwa na jambo jingine aliloliacha mwaka huo, nalo sikulitilia maanani mapema kama ilivyonipasa. Aliacha kuniita jina nje ya nyumba. Uani, sokoni, kanisani, nilikuwa "weye" tu. Jirani yetu wa juu alikuwa na binti aliyeuza mikate barabarani. Askari mmoja alimwuliza jina lake siku ya Jumatatu, Alhamisi gari likaja kumwita kwa jina hilo hilo, na mama yake akabaki na sinia. Niliyasikia haya mara nyingi, wateja wakinong'ona huku shangazi akiwapima viuno. Wote walisema polepole, na wote wakimaliza walinitazama mimi. Nilidhani wananionea huruma kwa kuwa nilikuwa mwembamba.

Jirani yetu wa bondeni aliitwa Papa Kasereka, mfanyabiashara wa vipuri vya pikipiki. Kabla ya ujenzi hatukuwa na neno naye. Mke wake, Mama Masika, alikuja kwetu kuomba moto, na sisi tulikwenda kwake kuomba chumvi, na sherehe zote za watoto wake nguo alishona shangazi. Mwaka huo Papa Kasereka akaamua kujenga ghorofa. Wageni hushangaa wakisikia watu walijenga maghorofa wakati wa vita, lakini ndivyo ilivyokuwa Butembo. Barabara zikifungwa leo na kufunguliwa kesho, mwenye mali anaona heri aitie kwenye zege, kwa sababu zege halibebwi mgongoni na mwizi. Kazi yote alimpa mtu mmoja tuliyemwita Enjeniere, yaani mhandisi. Diploma yake hakuna aliyeiona. Tuliona mita yake ya chuma kiunoni, kalamu sikioni, na mchanga wake ulioletwa kwa lori la askari, maana ndiye pekee katika mtaa wetu aliyeweza kuwaomba askari lori wakampa.

Kiwanja chao kilikuwa chini yetu, kwenye mteremko, na Enjeniere akataka pawe tambarare. Wachimbaji wake walikata mlima kwa wiki mbili mpaka kwenye mpaka wetu kabisa, wakauacha udongo umesimama wima kama mkate uliokatwa kwa kisu, na nyumba yetu juu yake. Shangazi alishuka kumwona, akamwambia kwa heshima kwamba mahali pale pangehitaji ukuta wa mawe kwanza. Enjeniere alicheka vizuri, bila dharau. "Mama, huu udongo ni mugumu sana," alimwambia. "Hauangukake. Mie najua kazi yangu." Shangazi akapanda kurudi. Asubuhi yake tukaona ufa.

Ulikuwa mwembamba kama uzi, ukianzia chini ya dirisha la karakana. Shangazi alichukua chaki yake ya kukatia nguo, akaweka alama mahali ufa ulipoishia. Kesho yake ufa ulikuwa umeipita alama, akaweka nyingine. Baada ya siku kumi ukuta ulikuwa na alama za chaki kama nguo iliyopimwa na fundi asiyejua kazi. Kwanza uliingia ukucha, kisha kidole, kisha nikaweza kuwaona wajenzi wa Papa Kasereka kupitia ukutani, wakila mihogo, nao wakaniona mimi. Mmoja alinipungia mkono. Tulihamisha meza, tukaihamisha cherehani, nami nikaanza kulala sebuleni, mkekani. Na mchana mmoja wa mvua ndogo tu, wala si mvua ya kutisha, tukiwa sebuleni na sahani magotini, kona ya chini ya karakana ikaondoka. Haikupiga kelele nyingi. Tulisikia kama gunia la maharagwe linalotuliwa chini. Tulipofungua mlango tuliona bonde, na kitanda changu kikiwa nusu ndani, nusu hewani.

Hapo ndipo tulipoanza kutembea. Enjeniere alitwambia yeye anafanya yale anayoambiwa na patron, kwa hiyo tumwone patron. Tukamwendea Papa Kasereka dukani, akatupa viti, akaagiza chai, akasikitika kweli, na mimi hadi leo naamini alisikitika. "Mais Mama, ile kazi nilimupa kwa forfait, bei moja ya kazi yote," alisema. "Mambo ya chantier, pale kwa ujenzi, yote ni yake. Nikiingia ndani, ataniachia nyumba katikati." Tukarudi kwa Enjeniere. Enjeniere akasema udongo ulikuwa wa Mungu na mvua ilikuwa ya Mungu. Ofisi ya mji ikatuambia karani wa mambo ya viwanja alikimbilia Uganda na ufunguo wa kabati. Mahakama ilikuwa imefungwa, mlangoni wamekaa askari wakichoma mahindi. Nilimfuata shangazi nyuma nikiwa nimebeba karatasi za kiwanja ndani ya mfuko wa plastiki, na kila mtu alizisoma, akazisifu kuwa ni karatasi nzuri, akaturudishia. Sijawahi kujisikia mdogo kama wiki zile. Ukipigwa na adui unajua pa kuangalia. Sisi tulipigwa na watu wanaotupa viti na chai.

Aliyebaki alikuwa chef wa mtaa, mzee mpole mwenye koti la sufu. Alikuja, akautazama ukuta, akaingiza mkono wake kwenye ufa, akautoa. Akapanga siku ya kikao pamoja na wazee wawili wa mtaa. Mtu yeyote aliyekuwa na macho alijua watakavyoamua: Papa Kasereka ajenge ukuta wa mawe kushikilia mlima, na aturudishie kona yetu, yote kabla ya mvua kubwa ya Septemba. Tulihitaji hilo tu. Bila ukuta wa mawe, mvua za Septemba zingechukua nyumba yote, hilo hata mtoto angekuambia. Shangazi alianza tena kuimba akishona. Alikuwa na sauti mbaya sana, nami niliipenda.

Siku nne kabla ya kikao, wajenzi wa Papa Kasereka walimwaga dale, lile zege la sakafu ya ghorofa. Kwetu siku ya dale ni siku kubwa. Zege halisubiri, kwa hiyo watu hupokezana ndoo tangu alfajiri bila kupumzika, na likiisha mwenye nyumba huleta kasikisi, pombe yetu ya ndizi, na jirani yeyote aliyesikia kelele hupewa kikombe. Shangazi alikuwa parokiani kupima nguo za wanakwaya. Nilikuwa peke yangu mlangoni nikishona vifungo, Enjeniere akaja amelowa saruji mpaka kwenye nyusi, na jerikani ya lita ishirini begani. Akaniomba niiweke ndani kwetu kwenye kivuli, kwa sababu bamasoni, wale waashi wake, wakiiona sasa wataacha kazi katikati. Nikaona ni ombi la kawaida. Niliifungulia mlango, akaiweka sebuleni, chini ya picha ya Bikira Maria. Baada ya saa mbili alirudi na kikombe cha plastiki. Akamimina, akaonja yeye kwanza, kama adabu yetu inavyotaka, ili mtu asifikirie sumu, akanipa.

"Kunywa, binti. Dale imekamata muzuri. Jirani asipokunywa, nyumba inaweza kuwa na kisirani."

Nikanywa. Kukataa kikombe ambacho mwenzako amekionja mbele yako ni kumwambia kuwa ni mchawi, na mimi nilikuwa nimelelewa. Ilikuwa tamu, bado changa. Nilimshukuru kwa Kinande, "wasingya," nikamsaidia kuinua jerikani. Mama Masika alikuwa uani kwake na aliona yote, nikampungia mkono.

Sasa, msomaji wa kwetu ameshashika kichwa. Kwa wageni nitaeleza. Nyumba mbili zikiwa na ugomvi, aliyekosa huleta pombe, aliyekosewa huipokea ndani kwake, na akishakunywa, neno limekufa. Halifufuliwi kwa chef wala kwa padri. Ndiyo maana mtu mwenye kesi hanywi hata maji ya mwenzake mpaka wazee wamesema. Nililijua hili tangu utotoni, kama ninavyojua kuosha mchele. Lakini akilini mwangu pombe ya upatanisho ilikuwa kitu cha wanaume wenye kofia, waliokaa kwa duara wakisafisha koo. Kile kilikuwa kikombe cha plastiki cha kijani, mchana kweupe, pombe ya dale. Sikuviunganisha. Nimejiuliza miaka yote hii kama Enjeniere aliviunganisha tangu mwanzo, au aligundua baadaye alichopata. Nakiri kwamba sijui. Shangazi aliporudi sikumwambia, si kwa kuficha, ila kwa kuwa halikuwa jambo.

Kikao kilifanyika barazani kwa chef, saa nne asubuhi. Chef na wazee wake wawili walikaa kwenye kiti kirefu, Papa Kasereka na Enjeniere upande mmoja, sisi upande mwingine, mimi nyuma ya shangazi na karatasi zangu. Enjeniere hakuja peke yake. Alikuja na askari mmoja, yule aliyemkopesha lori, kijana mwenye miwani myeusi aliyeketi ukutani na bunduki mapajani, akitafuna jani. Hakuna aliyeuliza amekuja kufanya nini. Shangazi alieleza habari yake vizuri, kwa mpangilio, alama kwa alama. Wazee walitikisa vichwa. Papa Kasereka mwenyewe alikuwa akitazama viatu vyake. Ndipo Enjeniere akasimama, akasema kwa upole kwamba anashangaa kuitwa, kwa sababu hili neno lilikwisha. Pombe ya patron iliingia nyumbani mwa Mama huyu siku ya dale, ikakaa chini ya picha ya Maria, ikanywewa. Mama Masika aliona.

Mzee mmoja akamgeukia Papa Kasereka, naye akasema taratibu kwamba mke wake aliona, ndiyo. Chef akauliza nani aliipokea, kwa sababu, alisema, kuna tofauti: pombe iliyopokelewa na mtoto wa nyumba, mwenye nyumba asipojua, haifungi kitu. Nilielewa papo hapo kwamba mlango umefunguliwa. Nilitakiwa kusema maneno mawili tu. Nilifungua mdomo, na ulimi wangu ukawa mzito. Enjeniere akasema, "Kulikuwa binti. Ule wa nyuma."

Askari aliinua kichwa. Akavua miwani, akanitazama kuanzia miguuni, taratibu, kama mtu anayechagua mbuzi sokoni. "Ule mwana mwasi?" alisema, yaani yule msichana, kwa Lingala. "Jina yake nani?"

Shangazi alisimama kabla hajamaliza. Alisimama mbele yangu, mpana, na kitenge chake kikanifunika uso. "Hapana, huyu mutoto hakukuwa pale," alisema. "Pombe nilipokea mie mwenyewe. Jina yangu ni Kahambu. Nilikunywa, na nilishiba."

Chef alimjua shangazi miaka ishirini. Alijua haonji pombe, na wazee wale wawili walijua. Alimtazama muda mrefu, akaangalia bunduki, akaangalia mikono yake mwenyewe. Mwishowe akauliza kama ana hakika na neno lake. Shangazi akasema ana hakika. Basi neno limekufa, alisema chef, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma barua ya msiba. Papa Kasereka alitaka kumpa shangazi mkono, mkono ukabaki hewani. Yule askari alirudisha miwani yake. Tukaenda nyumbani, shangazi akitembea mbele haraka sana, na alinishika kifundo cha mkono njia nzima kama mtoto wa miaka mitano.

Sikuelewa. Aibu itanisamehe nikisema kwamba kwa wiki kadhaa nilimkasirikia. Nilidhani ameogopa bunduki tu, amechoka, ameuza haki yetu kwa woga. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimenyamaza, kwa hiyo hasira ilinirudia kila nilipokula. Yeye hakunisema. Hakuuliza hata siku moja kwa nini nilipokea jerikani. Alinipikia, akaninusa vidole, akanisahihisha mapindo ya sketi. Alikataza tu nisitoke uani. Mama Masika alileta sahani ya samaki kutoka ziwani, akalia mlangoni kwetu, akasema yeye aliulizwa tu alichokiona. Shangazi alipokea samaki, akamfariji.

Mvua ya Septemba ilikuja kama tulivyoijua. Usiku mmoja karakana ilishuka yote, kisha ukuta wa chumba cha shangazi ukaanza kuinama, na matofali aliyoyakanyaga na mume wake yakarudi kuwa udongo, yakatiririka kwenye ua wa Papa Kasereka, ambako wajenzi waliyazoa kwa makoleo wakisema pole. Walisema pole kweli. Shangazi akaamua tung'oe mabati kabla hayajaanguka, tuyapakie kwenye lori la muhogo linalorudi tupu, twende Beni. Asubuhi ya mwisho alipanda ngazi mwenyewe, na kinywani alikuwa na misumari kama anavyobana pini akishona. Mimi nilikuwa chini nimeishika ngazi. Nikaanza kulia, nikamwambia nitakwenda kwa chef sasa hivi, niseme ni mimi niliyekunywa, nyumba haijaanguka yote, bado kuna muda.

Alitema misumari kiganjani. Hakunitazama, alikuwa akitazama barabara.

"Ule askari alikuwa anaulizia jina yako," alisema. "Sikukuwa na kitu ingine ya kumupatia."

Kisha akaniteremshia bati la kwanza.